Mistari Sita kwa Sanduku la Kaoze

Najua mnaniigiza. Msidhani kwa kuwa nimestaafu, masikio nayo yamestaafu. Juzi nilipita karakana kuchukua aproni niliyoisahau msumarini, nikasikia sauti nyuma ya mrundo wa mbao, imebanwa puani: "Mistari mingapi?" Halafu vicheko. Alikuwa Skolastika, ambaye sasa ndiye anayesimama kwenye benchi langu, na kusema kweli alinipatia hasa. Aliponiona akameza kicheko, akasema, "Shikamoo, Mama." Nikamwambia, "Marahaba. Mistari mingapi?" Akageuka kuutazama mrundo, maana hakuwa ameuangalia.

Basi nimekaa hapa nyumbani Kasense, mahindi yameshaingia ndani, baridi ya mwezi wa saba inauma, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu hakuna anayenisubiri saa moja na nusu asubuhi. Nimeona niwaandikie kwa nini niliwaudhi miaka yote hiyo kwa swali moja. Habari za vyeo siandiki. Nilipata kimoja tu, nacho kilikuja na funguo za stoo ambazo kila mtu alikuwa nazo tayari. Nitaandika juu ya masanduku ya nje, yale yanayosimama uani, na hasa sanduku moja lililoshuka bondeni, Kaoze. Kwa uongo wangu wa neno moja tu, sanduku hilo lilikaribia kumwacha mama mmoja bila mbegu ya kupanda.

Nilipoingia karakana ya parokia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba alikuwa amenituma kujifunza cherehani. Mlango wa ushonaji ulikuwa kushoto na wa useremala kulia, nami nikaingia kulia, nikasema nimepotea, kisha nikakataa kuondoka. Ndani walikuwamo wanaume saba. Sita walicheka. Wa saba alikuwa Mzee Ladislaus, mfupi, mkimya, penseli sikioni, na ndiye aliyekuwa mkuu wao. Hakucheka wala hakunifukuza. Alinipa kopo la misumari iliyopinda, akasema niinyooshe.

Niliinyoosha siku tatu. Siku ya nne akaichukua yote, akaimwaga kwenye takataka mbele ya macho yangu. Nusura nilie! Baadaye ndipo nikaelewa: msumari ukishapinda mara moja, utapinda palepale tena, haufai kwa kazi ya maana. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaijua nyundo. Baada ya hapo nilikaa wiki tatu nikinoa bapa la randa. Mzee alipima makali yake kwa kunyoa nywele za mkono wake, nami nikaiga. Mpaka leo mkono wangu wa kushoto hauna unywele hata mmoja, na mume wangu alipokuja kuposa alidhani nina ugonjwa.

Viungo alinifundisha kimoja kimoja, na hakunipa cha pili kabla sijachoka na cha kwanza. Cha kwanza ni kile cha kugonganisha: kichwa cha ubao huu kwenye ubavu wa ule, misumari mitatu, kwisha. Mzee alikiita kiungo cha haraka, na neno haraka lilimtoka mdomoni kama anatema mbegu ya chungwa. Cha pili ni nusu kwa nusu: unapunguza unene wa kila ubao nusu, unalaza mmoja ndani ya mwingine. Cha tatu ni ulimi na tundu, yaani unachonga ulimi kwenye mti mmoja na tundu la kuupokea kwenye mti wa pili. Hicho ndicho kinachobeba miguu ya sanduku, na hata gundi ikifa ulimi hautoki. Halafu kuna mkia wa njiwa, meno yaliyotanuka ncha, yanayoingiana pembeni mpaka mbao mbili zinakataa kuachana. Huo niliupenda kupita kiasi, na kupenda huko ndiko kulikoniponza.

Pamoja na viungo kulikuwa na desturi mbili. Ya kwanza ni ya kulaza mbao. Ubao ukitoka kwa wapasuaji una maji ndani hata kama uso umekauka. Unaupanga kivulini juu ya matofali, vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, halafu unausahau. Kila mwezi ukiisha, Mzee alipita akichora mstari mmoja wa chaki kichwani mwa mrundo. Mistari minne ilitosha kwa kazi ya huku juu. Kazi ya kushuka bondeni ilitaka sita, na miezi miwili ya mwisho mbao zilipandishwa darini, chini ya bati, zionje joto la huko ziendako. Mnajua wenyewe, mwezi huu sisi tumevaa sweta, na bondeni mtu analala nje bila shuka. Ubao nao ni hivyohivyo: ukishuka kule lazima uvue kitu.

Ya pili ilikuwa ya jina. Kila sanduku lililotoka mlangoni lilikuwa na jina kwa penseli, upande wa chini wa mfuniko. Hilo lilikuwa la aliyelisimamia, yule anayemwambia mteja: likiharibika, nitafute mimi. Pengine aliyelitengeneza ni mwingine kabisa. Mwanafunzi hakuandika jina lake popote, hata angekuwa na kipaji cha namna gani.

Nilikuwa mwaka wangu wa tatu pale Mama Gaudensia alipotujia kutoka Kaoze. Alikuwa mjane, mwembamba, peku, sauti yake kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Hakuja na vipimo vya sentimita. Alikuja na kamba yenye mafundo matatu: fundo la urefu, la upana, na la kimo. Mwaka uliotangulia nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeungua, na mpunga wa mbegu ukaungua nao. Msimu ule alipanda mbegu ya kuombaomba. Sasa alitaka sanduku la kusimama uani, mbali na nyumba, lenye miguu, lisilopitisha mvua wala panya.

"Nyumba nitajenga tena hata mara tatu," alimwambia Mzee. "Nyasi zipo. Mbegu sitaichuma porini."

Mzee Ladislaus akaipokea kamba, akanipa mimi. "Hili utalifanya lote," akasema. Jamani! Nililala na kamba ile chini ya mto.

Siku mbili baadaye Mzee akapata msiba. Kaka yake alifariki upande wa Chala, akaenda matangani wiki nzima. Nilipokwenda kuchukua mbao, mrundo wa mistari sita ulikuwa umekwisha, umeingia kwenye madawati. Uliobaki ulikuwa wa mkaratusi, una mistari miwili. Na Bwana Nassoro, mfanyabiashara wa pale mjini aliyekuwa akitubebea mizigo, alikuwa ameleta habari kwamba lori lake linashuka bondeni Ijumaa kuchukua mpunga, na safari inayofuata hajui ni lini. Ningeweza kusubiri. Hakuna aliyenishikia kisu. Lakini nilitaka Mzee arudi alikute sanduku limesimama katikati ya karakana, na wale sita waliocheka wamelizunguka.

Wakalizunguka kweli. Pembe zote nne nilizitia mikia ya njiwa, midogo, imekaa sawasawa, hupitishi hata ukucha. Ubavu niliunga mbao tatu tatu kwa gundi, na ndani nikakingamisha vipande vya kuzishikilia, nikavipigilia misumari kila baada ya vidole vitatu. Nilidhani misumari mingi ni nguvu nyingi. Mfuniko nikaupa mteremko wa kuteleza maji, na ukingo wa kutoka nje vidole viwili ili matone yasirudi ndani. Mfuniko ule nausifu hata leo, na nausifu kwa sababu ndio peke yake ulitoka kwenye mabaki ya mbao zilizolala sawasawa.

Ijumaa lori likawa linapiga honi nje. Mzee akaingia moja kwa moja kutoka safarini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akazunguka sanduku mara moja. Akafungua mfuniko, akafunga. Akaweka kiganja ubavuni, akakiacha pale.

"Mistari mingapi?"

"Sita," nikasema.

Kiganja chake hakikuondoka upesi. Nadhani kilikuwa kinamwambia jambo jingine, naye akaamua kuniamini mimi. Akatoa penseli sikioni, akainama, akaandika jina lake chini ya mfuniko. Wakalipakia.

Mwezi wa kumi, joto la bondeni likiwa limefikia kileleni, Mama Gaudensia akatokea mlangoni. Hakubisha hodi.

"Ladislaus ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Nionyeshe mikono yako."

Mzee akaikunjua. Yule mama akafungua fundo la kanga yake, akamiminia viganjani mwake makapi ya mpunga: maganda matupu, punje zilizotafunwa nusu, mavi ya panya.

"Hiyo ndiyo mbegu yangu. Sanduku lako limepasuka ubavu, mtu anapitisha mkono. Mvua ni wiki tatu zijazo. Niambie, nitapanda nini?"

"Pole, mama," akasema Mzee Ladislaus. "Kosa ni langu. Jina ni langu."

Hakugeuza hata shingo kunitazama. Alisimama pale, mikono imejaa uchafu ule, akasemwa maneno ambayo mtu wa umri wake hasemwi. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake, nimeshika randa, na nilinyamaza. Nimefanya makosa mengi maishani, hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko lile la mbao.

Mama alipokwenda kukalishwa na kupewa chai, Mzee akaja benchini kwangu, makapi bado mkononi.

"Mistari mingapi, Leokadia?"

"Miwili."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatisha. "Usiniombe mimi. Mimi sili mpunga ule. Kesho unashuka naye. Na sanduku likishindwa mara ya pili, benchi hili nampa mwingine."

Kisha akaenda nyuma ya stoo, akarudi na miti minane ya mninga niliyokuwa naijua vizuri. Ilikuwa na mistari hata kumi, ameitunza kwa ajili ya fremu ya mlango wa nyumba yake. Akaifunga kwa kamba, akaiweka juu ya kisanduku changu cha vifaa. Nyumba yake ilikaa na mlango wa bati mpaka mwaka mwingine.

Tulishuka na lori la Bwana Nassoro, mimi na Mama Gaudensia nyuma, tumekalia magunia matupu. Njia nzima nilitafuta pa kuanzia, na kila kona nikasema nitaanza kona inayofuata. Zile kona mnazijua, si chache. Mpaka tukafika Kaoze sijaanza.

Sanduku lilikuwa limesimama uani chini ya jua, na hata kabla sijashuka niliona kosa langu. Mikia ya njiwa ilikuwa imeshika barabara, haijasogea. Lakini mbao za ubavuni zilipokauka zilitaka kusinyaa, na vile vipande nilivyovikingamisha kwa misumari vikazikatalia. Ubao ukibanwa hivyo hauna la kufanya ila kupasuka. Ulipasuka katikati, na maungio ya gundi yakaachana, nyufa za kupitisha kidole, nyingine mkono. Panya wa Kaoze hakuhitaji hata kutafuna.

Nikaweka kisanduku chini. "Mama," nikasema, "sanduku hili nimelitengeneza mimi. Mzee hakuwepo. Mbao zilikuwa na mistari miwili, zilitakiwa sita. Aliniuliza, nikamwambia sita. Nilimdanganya."

Akapitisha vidole kwenye ufa, akavitoa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Yule mzee nilipomtukana alinitazama machoni. Wewe ulitazama viatu vyangu. Na mimi sikuvaa viatu." Akageuka kwenda jikoni. "Kwa kuwa umesema, utakula. Ungemaliza kazi bila kusema, ningekulaza njaa."

Nilikaa siku tano. Nilifumua sanduku lote isipokuwa mfuniko. Na hapa nataka mnisikilize, maana hiki ndicho kiungo ninachotaka mkikumbuke. Kwa mninga wa Mzee nilitengeneza fremu, miguu minne na miti ya kuiunganisha, kila penye maungano ulimi na tundu, na kigingi cha mti juu yake. Upande wa ndani wa fremu nikachimba mfuo, yaani mtaro mwembamba wa kuzunguka. Zile mbao za mkaratusi, ambazo miezi minne ya jua la Kaoze ilikuwa imezilaza kuliko dari lolote, nikazipunguza kingo nusu kwa nusu zilaliane, nikazitumbukiza ndani ya mfuo. Bila gundi. Bila msumari hata mmoja. Zikae zicheze. Kiangazi zitasinyaa, masika zitavimba, na yote yatatokea ndani ya mfuo bila mtu kujua. Fremu inabeba kazi, ubao unaachiwa nafasi yake. Mikia ya njiwa ni mizuri kwa sanduku la ndani. Sanduku la nje la mbao pana, lipeni fremu na mfuo.

Sakafu niliacha nafasi ndogo kati ya ubao na ubao, nikaifunika kwa wavu wa chuma uliopigiliwa kwa chini, ili unyevu utoke na panya asiingie. Miguu tukaisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu tuliyopewa na dereva wa Bwana Nassoro, kwa ajili ya mchwa. Dereva alipoombwa oili chafu alifurahi sana, alidhani tumeanza kununua.

Jioni jua likipoa nilikaa na Mama Gaudensia na majirani zake kuchambua mpunga uliopona kwenye nyungo. Zilikuwa debe nne, ikabaki moja na nusu. Sikuwa nimeombwa kuchambua, lakini hakuna aliyeniambia niache. Siku ya nne majirani wakaanza kufika kila mmoja na bakuli. Mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Wewe ndiye fundi wa panya?" Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nilicheka nami, ningefanyaje? Bakuli kwa bakuli debe zikafika tatu.

Siku ya mwisho nilimwagia sanduku ndoo sita za maji, Mama akiwa amesimama pembeni mikono kiunoni. Tukafungua, akapitisha kiganja ndani kote. Kikavu. Akamimina mbegu, akafunga, akanipa kipande cha penseli.

"Andika jina lako."

"Siruhusiwi, Mama. Anaandika anayesimamia. Jina la Mzee limo tayari."

"Hata kama amesimamia uongo wako?"

"Hata hivyo."

Akaguna. Sikujua maana ya ule mguno, na sikuuliza.

Niliporudi, Mzee Ladislaus aliuliza jambo moja tu: "Umekula wali?" Nikasema nimekula. "Basi," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Mvua zikaanza wiki mbili baadaye. Masika yote nilikuwa nikisikia lori mlangoni naacha randa na kuchungulia, nikidhani ni yule mama. Hakuja. Benchi likabaki langu. Baada ya miaka miwili Mzee alinipa penseli yake mwenyewe, nikaandika Leokadia chini ya mfuniko wa sanduku la mkaa.

Sitawachosha kwa miaka yote iliyofuata. Nitawapa lile la Chala, maana wengine mmelisikia likiwa limeharibiwa. Mwenye duka mmoja alitaka sanduku la mkaa la kukaa barazani. Nikampa mteremko mzuri kwa mbele, maji yasituame. Baada ya mwezi akanipigia simu: "Fundi, wazee wanateleza." Wazee gani? Kumbe kila jioni wazee wa pale walikalia sanduku hilo wakizungumza, na kila mmoja alijikuta anashuka taratibu mpaka anasimama bila kupenda. Nililigeuza mteremko uelekee ukutani. Tangu siku hiyo sianzi sanduku la nje bila kuuliza nani atalikalia, maana sanduku likiwekwa nje watu watalikalia tu.

Na mtu akiwajia kuuliza achague sanduku gani, hata kama hanunui kwenu, mwambieni ukweli. Alifungue kwanza, anuse: harufu ya uchachu ni maji. Alipindue aone tumbo lake, maana mafundi wengi hupendezesha uso na kusahau tumbo. Lisikae juu ya ardhi. Mfuniko uwe umeteremka na umezidi ukingo. Bawaba zisiwe zimeshikwa kwa misumari ya kuchomoka, ziwe na skrubu ndefu au nati. Kama ni nafaka ya kula tu na ana pipa zuri la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, mwambieni akalitumie, arudi kwenu kwa sanduku la majembe. Mteja hatamsahau fundi aliyemrudisha nyumbani na fedha zake.

Mzee Ladislaus alistaafu, na miaka kadhaa baadaye tukamzika. Jeneza lake tulilitengeneza wenyewe. Nilipita kwenye mrundo kwanza, nikahesabu mistari. Wenzangu walinishangaa, wakasema kazi hiyo haihitaji. Nikawaambia yeye angeuliza.

Sasa la mwisho. Wiki yangu ya mwisho kazini, siku ile mliyokuwa mnanificha keki kana kwamba sina pua, alifika mama mmoja wa makamo, amebeba kitu kikubwa bapa kimefungwa kwa kanga. Alikuwa amesafiri nacho juu ya basi kutoka Kaoze. Akanisalimia, akasema yeye ni Oresta, binti wa Mama Gaudensia. Mama yake alitutoka miaka mitatu iliyopita. Sanduku lipo, mbegu bado inalala humo, ila bawaba za mfuniko zimeliwa na kutu, na marehemu alikuwa amewaagiza kwamba mfuniko ukiharibika usipelekwe kwa fundi mwingine.

Nikaulaza ule mfuniko benchini kifudifudi, nikafungua kanga. Jina la Ladislaus lilikuwapo, penseli imefifia. Chini yake kulikuwa na mistari, imechomwa kwa msumari wa moto, mirefu, imesimama kama ile ya chaki. Na chini ya mistari, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, limechomwa jina: LEOKADIA.

"Alichoma mstari mmoja kila msimu," akasema Oresta, "tukishatoa mbegu salama. Alisema kuna mtu alidanganya, basi atangoja mpaka uongo wake uwe kweli. Hesabu ilipotimia ndipo akaandika jina. Alikaa nalo nusu siku, akajiunguza hata kidole."

Mwenye sanduku mwenyewe alikuwa amenisimamia, nami miaka yote hiyo sikujua. Nililia pale pale benchini, na Skolastika aliyekuwa karibu hakujua afanye nini, maana hajawahi kuniona nikilia, wala hakujua habari yenyewe. Akasogea, akauona ule mchoro, na kwa kutaka kunichekesha akauliza kwa ile sauti yangu ya puani:

"Mistari mingapi, Mama?"

Nikaihesabu kwa kidole, mmoja mmoja.

"Sita," nikasema.